Mtoto amekufa ghafla: tuangalie damu mbele ya kuangalia jirani



Kwenye kilio cha mtoto kuna maneno ambayo hayakosi: "Juzi tu alikuwa anacheza." Mama anayasema akilia, wamama wengine wanaitika, na nyuma ya muda kidogo mtu anaongeza kwa sauti ya chini: "Mtoto mzima hawezi kufa vile. Kuna mkono wa mtu." Kisha majina yanaanza kutembea kiti kwa kiti. Mama wa kambo. Jirani mwenye wivu. Bibi mzee asiye na mtu wa kumtetea. Wakati mwingine hata mtoto mwingine wa nyumba hiyohiyo, eti njo "alimukula" ndugu yake.

Niko naandika juu ya kifo kimoja cha namna hiyo, na juu ya ugonjwa mmoja ambao nilikuja kuujua nikiwa nimechelewa sana. Katika avenie yetu, kabla sijaingia iniversite, kulikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Katika mwezi mmoja alipimwa palu mara mbili, mara mbili wakakuta nayo, mara mbili akakunywa dawa. Homa ilikuwa inaenda na kurudi. Alikuwa analalamika miguu, watu wakasema ni kukomaa. Siku moja damu ilimtoka puani kwa muda mrefu, wakamumwangia maji baridi kichwani, ikakatika. Alicheza bado siku mbili. Usiku wa tatu alilia kichwa, akatapika, akatetemeka mwili wote, na kabla kupambazuke alikuwa amekufa mgongoni mwa baba yake, njiani kuelekea hopitali. Jioni ile mama wa kambo njo alikuwa amemupa uji. Hiyo ilitosha. Tulimzika kesho yake, na usiku wa mazishi vijana walipiga mawe juu ya mabati ya nyumba mpaka yule mama akatoka kwa mlango wa nyuma na kitenge kimoja tu. Mimi nilikuwa kati ya wale waliosimama barabarani kuangalia.

Miaka ilipita, nikasoma labo. Siku mwalimu wa hematolojia alipofika kwenye sura ya leukemia ya watoto na kuanza kutaja dalili, niliacha kuandika. Siwezi kusema yule mtoto alikuwa na leukemia. Hakuna aliyechukua damu yake kuipima vizuri, hakuna aliyefungua maiti, kaburi limeshaota majani. Lakini wale waliosema sumu nao walikuwa hawana hata tone moja la ushahidi, na wao walisadikiwa usiku uleule.

Leukemia ni kansa ya damu, au tuseme vizuri zaidi, kansa ya pale damu inatengenezwa. Damu inatengenezwa ndani ya uboho, ile laini ya ndani ya mfupa ambayo tunapenda kufyonza tukila nyama. Mule njo zinatoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na microbe, na plakete zinazoziba mahali mshipa umepasuka. Siku moja chembe changa nyeupe, moja tu, inaharibika katika urithi wake wa ndani: inakataa kukomaa na inakataa kufa, inazaana tu. Ni sawa na shamba la mihogo lililoingiwa na magugu. Mihogo haikukatwa na mtu, imekosa nafasi. Uboho unajaa chembe changa zisizo na kazi, na zile za kazi zinapungua kila siku. Jina lenyewe linatoka katika Kigiriki na maana yake ni damu nyeupe. Rudolf Virchow, munganga Mjerumani, njo alilitoa katika miaka ya 1840, nyuma ya kuona damu ya maiti iliyojaa chembe nyeupe kupita kiasi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mara mingi kabisa hautoki kwa baba wala kwa mama. Kuna watoto walio na hatari zaidi, kwa mfano wale waliozaliwa na ulemavu unaoitwa Down, lakini kwa wengi wao hakuna kitu mzazi alifanya au aliacha kufanya. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu kwamba kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 chini ya miaka ishirini wanapata kansa, na leukemia iko kati ya zile zinazowapata zaidi. Ile ya kawaida zaidi kwa watoto inapenda sana umri wa miaka miwili mpaka mitano. Ni umri uleule ambao palu inawapiga watoto wetu.

Sasa tuje kwenye ile "ghafla", juu njo inaleta matata yote. Ukiangalia vizuri, mara mingi kifo njo kilikuwa cha ghafla, ugonjwa hapana. Chembe nyekundu inaishi karibu siku 120. Kiwanda kikisimama leo, damu haikauki kesho, inapungua polepole, wiki kwa wiki, na mwili wa mtoto unazoea. Moyo unapiga mbio zaidi, mtoto anapumzika kidogo zaidi, basi. Unaweza kumukuta mtoto ambaye damu yake imepungua nusu na zaidi, na bado anasukuma tairi barabarani. Mzazi anaona mtoto anayecheza. Hawezi kuona kwamba akiba imekwisha.

Plakete hazina uvumilivu huo. Zinaishi siku nane mpaka kumi tu. Mtoto mzima anazo kati ya 150,000 na 450,000 katika milimita moja ya kipeo cha tatu ya damu. Zikishuka chini ya 10,000 au 20,000, mshipa mdogo unaweza kuvuja bila mtu kumugusa mtoto. Kwenye ngozi inaleta vidoadoa na alama za kama kupigwa. Kwenye pua inaleta damu isiyokatika. Kwenye ubongo inaleta kichwa kikali, kutapika, degedege, na kifo ndani ya masaa machache. Kuna aina moja ya leukemia inayoharibu hata ule mpango mzima wa kugandisha damu, na hiyo inaua kwa kuvuja damu hata mbele ya munganga kumaliza kuandika boni ya labo.

Njia ingine ni microbe. Chembe nyeupe za kazi zikikosekana, mtoto hana askari. Kidonda kidogo mdomoni, kuhara kwa kawaida, inaingia katika damu na asubuhi ile ya homa inakuwa jioni ya mazishi. Njia ingine tena ni chembe zenyewe kuwa mingi mno: zikipita 100,000 damu inakuwa nzito, inakwama katika mishipa midogo ya mapafu na ya ubongo. Na kuna ile inayowashika zaidi watoto wakubwa na vijana wanaume, ambamo uvimbe unaota ndani ya kifua, mbele ya bomba la pumzi. Mtoto anakohoa akilala chali, usiku anataka kukaa, watu wanasema ni asima. Siku moja wanamulalisha chali kwa nguvu, kwa kumupiga picha au kumutia shindano ya usingizi, na pumzi inakatika palepale. Kila aliyekuwa pale ataapa kwamba ile shindano njo ilimuua.

Katika nchi ambako maiti ya mtoto aliyekufa ghafla inafunguliwa na waganga kwa lazima, wakati mwingine wanakuta jambo hili: ini, bandama, figo na ubongo vimejaa chembe za leukemia, na hakuna mtu katika familia aliyekuwa anajua. Kwao pia jirani na polisi walikuwa wameanza kufikiria mabaya, maana mtoto mwenye alama za bluu mwili mzima anafanana na mtoto aliyepigwa. Maiti iliwatetea wazazi. Kwetu maiti inazikwa kesho yake, na neno la mwisho linabaki kwa yule mwenye sauti kubwa kwenye kilio.

Mtu ataniambia: lakini mtoto alipimwa, walikuta palu. Hapo njo pagumu, na ninaomba tukae hapo kidogo.

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa palu, nyuma ya Nijeria. Zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi duniani ni wa kwetu. Maana yake watoto mingi wanatembea na vidudu vya palu katika damu bila hata kuugua. Ukimpima mtoto yeyote wa kartiye leo, unaweza kumukuta nayo, hata kama homa yake inatoka mahali pengine kabisa. Kile kipimo cha haraka, TDR, ile aina inayotumika sana inatafuta protini ya kidudu, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu wiki kadhaa nyuma ya kidudu kufa. Basi mtoto amekunywa dawa vizuri, amepona palu, homa ya ugonjwa mwingine inaendelea, wanapima tena, mstari unaonekana tena. "Palu imerudi." Wanaandika dawa mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne wanasema ni tifoide, kwa kipimo cha Widal ambacho nacho kinadanganya mara mingi. Kipimo hakikukosea kusema vidudu viko au vilikuwako. Sisi njo tulikosea kuacha kutafuta.

Na sasa kitu ambacho kinaniuma mimi kama mtu wa labo. Katika lile tone nene la damu, ile GE tunaangalia kila siku, chembe nyekundu zinapasuliwa na rangi. Zinabaki nini? Vidudu na chembe nyeupe. Na tunapohesabu vidudu, tunavihesabu kwa kulinganisha na chembe nyeupe: tunahesabu vidudu mpaka tumepita chembe nyeupe 200, kisha tunafanya hesabu tukichukua kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000. Ndiyo kusema jicho la mtu wa labo linapita juu ya chembe nyeupe kila siku ya Mungu, na linazitumia kama mawe ya kupimia mizani, bila kuziuliza kitu. Kwa mtoto mwenye leukemia, mara mingi zile chembe zitakuwa zimejaa mbele ya jicho, kubwa, zinafanana zote, kiini kimejaa chembe nzima. Ukihesabu 200 ndani ya kona moja ya glasi, kitu hakiko sawa. Simama, uandike kando ya boni: chembe nyeupe mingi sana, fanya NFS na froti. Dakika mbili tu. Nikiwa staji nilikuwa naangalia glasi hamsini kwa siku, na hakuna siku mtu aliniambia hivyo. Tuliandika plus moja, plus mbili, tunaita anayefuata.

Nisidanganye pia: kuna leukemia ambazo chembe nyeupe hazipandi, hata zinashuka. GE nzuri haimuokoi mtu katika shaka. NFS njo kipimo cha kuomba, kwa sababu inahesabu zote tatu pamoja, nyekundu, nyeupe na plakete. Mbili au tatu zikiwa mbaya kwa wakati mmoja, palu peke yake inaweza kuleta hiyo, ni kweli, lakini nyuma ya dawa ya palu zinapaswa kupanda. Zisipopanda ndani ya wiki moja au mbili, mtoto anapaswa kufika mahali ambapo wanaweza kutoa uboho kidogo kwa sindano katika mfupa na kuuangalia. Bei ya NFS inatofautiana mji kwa mji, lakini weka upande mmoja bei hiyo, upande mwingine serumu, shindano na sirupu za wiki tatu za kubahatisha, utaona wapi franga zilienda.

Katika nyumba, mzazi ataona nini? Homa inayopita wiki mbili hata mtoto amekunywa dawa. Weupe, na kwa ngozi yetu nyeusi usiangalie uso, angalia viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Vidoadoa vidogo vyekundu: navyo vinajificha katika ngozi nyeusi, vitafute ndani ya mdomo, juu ya kaakaa, na katika nyayo. Fizi zinazotoa damu. Maumivu ya mifupa: mtoto aliyekuwa anakimbia sasa anachechemea au anaomba kubebwa, hasa usiku. Hapa tuko na matata yetu ya pekee, maana maumivu ya mifupa pamoja na kukosa damu inatufanya kusema haraka "ni SS". Inaweza kuwa SS kweli. Lakini SS inapimwa, na mtoto ambaye kipimo kimesema hapana hawezi kuendelea kuitwa SS kwa mazoea. Kuna pia tezi za shingo zisizouma, na tumbo linalovimba upande wa bandama. Mimi ningeongeza alama moja ambayo vitabu havikazi sana: mtoto aliyetiwa damu ya watu mara mbili ndani ya wiki chache na hana SS. Huyo asirudishwe nyumbani bila NFS na froti. Na kama kuna nafasi, damu ya kupima itolewe mbele ya kumutia ile ya kutiwa.

Neno juu ya farmasi zetu, halafu nitaendelea. Dexa. Tunaijua wote, watu wanaikunywa hata kwa kunenepa. Dexa na prednizoloni ni dawa za kweli za leukemia, njo maana ukimpa mtoto mwenye ugonjwa huu bila kujua, homa inashuka, tezi zinapotea, anaomba chakula, na kila mtu anamsifu infirmye. Wiki chache ugonjwa unarudi, mgumu zaidi kutambua na mgumu zaidi kutibu. Na wakati mwingine chembe mingi zinakufa kwa mara moja, zinamwaga potasiumu katika damu, moyo unasimama. Hiyo nayo itaitwa sumu. Aspirini na shindano za matakoni kwa mtoto anayetoka damu, tuziache pia.

Je, kujua kunasaidia kitu, kama dawa hatuna? Swali hili ni la haki. Mbele ya 1947 leukemia ilikuwa inaua kila mtoto, katika nchi zote, tajiri na maskini. Mwaka ule Sidney Farber, kule Boston, alianza kutoa dawa inayozuia kazi ya vitamini foliki, na mwaka 1948 akaandika kwamba watoto kumi kati ya kumi na sita walipata nafuu. Nafuu ya miezi tu, lakini ilikuwa ya kwanza. Baadaye ikaja vinkristini, ambayo inatoka katika ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye majani matano, asili yake Madagaska. Wengi wenu mumelipita leo asubuhi mbele ya lupango ya mtu. Kwa kuchanganya dawa hizo na zingine, miaka miwili mpaka mitatu ya matibabu, leo katika nchi tajiri zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye kansa wanapona. Katika nchi nyingi maskini OMS inasema ni chini ya watatu kati ya kumi, na moja ya sababu inayotaja ni kuchelewa kutambua au kukosa kutambua kabisa. Mwaka 2018 ilianzisha mpango wa kufikisha angalau sita kati ya kumi mwaka 2030.

Huko kwetu, Kliniki za Iniversite za Kinshasa ziko na waganga wa kansa za watoto. Kwa sisi wa mashariki, kuvuka mpaka mara mingi ni karibu zaidi: hopitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ina kituo cha kansa tangu 2012, na Taasisi ya Kansa ya Uganda, Kampala, inafanya kazi hiyo tangu 1967. Sisemi ni rahisi. Karatasi za mpaka, mahali pa kulala, mzazi mmoja kukosa kazi miaka miwili, hayo yote ni mzigo ambao unavunja familia. Lakini familia iliyo na jina la ugonjwa inaweza kuchanga, inaweza kuandika barua kwa parokia, inaweza kuomba. Na hata pale mtoto anakufa, anakufa na jina la ugonjwa.

Hilo jina lina kazi yake. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inatoa azabu kwa anayefanya hivyo. Karatasi nzuri. Hata hivyo mwaka 2021, Kivu ya Kusini, wamama wazee waliuawa na vijana kwa tuhuma za uchawi. Mtu anayeogopa karuho huwezi kumtoa hofu kwa kumuambia kwamba ni mjinga. Nimejaribu, haitoki. Ila nimeona karatasi ya labo ikifanya kazi. Mwaka jana katika familia ya upande wa mama yangu mtoto mmoja alianza vilevile, homa, pua, miguu, na maneno yalikuwa yameshaanza juu ya shangazi. Tulilipa NFS. Plakete 9,000. Mjomba aliyekuwa anataka kuita nabii alishika karatasi, akaisoma mara mbili, akauliza: "Hii inatibiwa wapi?" Shangazi yule njo alimupeleka mtoto ngambo, na sasa wako mwezi wa kumi na moja wa matibabu.

Yule mama wa kambo wa avenie yetu hakurudi. Nimesikia anauza samaki upande wa Uvira. Nimeuliza namba yake kwa watu wawili, bado hawajanipatia.